Bunduki kama hobi: ni haki, ama ni amana?

UZI. Haya ni maneno niliyotoa Jumamosi kwenye mdahalo wa vijana hapa katikati ya jiji. Wengi mliniomba niyaandike, kwa hivyo nayaweka yote, vile yalivyotoka mdomoni. Sheria ya uzi huu mnaijua: hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama. Tunataja hoja.

1. Mada niliyopewa ni hii: je, Mkenya anaweza kupenda bunduki vile mwingine anapenda magari? Azikusanye, azifungue na kuzifunga, azibadilishe kishikio na darubini, na serikali imwache na hobi yake?

Najua wengine mmeshaanza kucheka. Lakini fikirieni kidogo. Sisi watu wa Nairobi ni watu wa kupamba vyombo. Mtu ananunua matatu kuukuu, analipaka michoro, analifunga spika na taa, na wiki ijayo ni nganya, watu wanapanga foleni kulipanda. Kupenda chuma kilichotengenezwa vizuri si ugonjwa. Swali ni kama chuma hiki kimoja ni sawa na vingine.

2. Nina mjomba anakaa Loresho. Ana leseni ya bastola, na baadhi ya Jumamosi huenda Kirigiti, kule Kiambu, kulenga shabaha. Siku moja nilimuuliza, "Mjomba, hii kitu unaipendea nini hasa?" Akaniambia, "Kijana, ukivuta pumzi vibaya, karatasi inakuonyesha. Hakuna mchezo mwingine unakukosoa haraka hivyo." Anaisafisha kama fundi wa saa. Risasi zake anazihesabu na kuziandika daftarini. Huyo ndiye mpenda bunduki ninayemjua mimi, na sitamgeuza jambazi ndiyo hotuba yangu inoge.

Mimi naye nakaa Kangemi. Ni kuvuka tu Waiyaki Way. Huku kwetu, kijana akisema hadharani kwamba anapenda bunduki, kufikia jioni jina lake liko kwa chifu. Mlio wa risasi usiku huku hauitwi mchezo. Watu wanazima taa, wanalala sakafuni, na asubuhi wanaulizana ni mtoto wa nani.

Maneno ni yale yale, "napenda bunduki". Upande mmoja wa barabara unaitwa mwanaspoti, upande wa pili unaitwa mshukiwa. Hapo ndipo siasa inapoingia, na ndiyo maana niko hapa.

3. Tuanze kwa kuondoa kitu ambacho si chetu. Kwenye midahalo yetu, hasa huku mtandaoni, utasikia mtu akisema "haki yangu ya kumiliki silaha". Hiyo sentensi imekuja na ndege. Marekani wana kipengele cha katiba kuhusu silaha tangu 1791, na wanakibishania mpaka leo. Katiba yetu ya 2010 ina sura nzima ya haki, Sura ya Nne. Isome mwanzo mpaka mwisho: kuna uhai, faragha, mali, afya, makao. Haki ya kubeba bunduki haimo.

Tulicho nacho ni Sheria ya Silaha, Sura ya 114, sheria ya miaka ya 1950 ambayo imerekebishwa mara nyingi. Ukiisoma utaona inauliza mambo mawili makubwa. Kwanza, una sababu ya kutosha ya kutaka silaha? Pili, wewe ni mtu wa kuaminiwa nayo? Mlevi, hapana. Asiye na akili timamu, hapana. Na cheti chenyewe kinataja ni silaha gani na risasi ngapi.

Neno zito hapo ni kuaminiwa. Kwa Kiswahili tuna jina la kitu unachokabidhiwa kwa kuaminiwa: amana. Amana unaitunza kwa niaba ya wengine, na aliyekupa ana ruhusa ya kuja kuuliza iko wapi.

4. Sasa mtauliza, mbona sheria yetu ni kali hivi? Jibu liko kwenye historia.

Nairobi ilikuwa mji wa bunduki za starehe zamani sana. Mwaka 1934, pale hoteli ya Norfolk, wawindaji wa kulipwa waliunda chama chao cha Afrika Mashariki. Watalii matajiri walikuja, wakanunua ama kukodi bunduki nzuri, wakaenda porini kuua simba na tembo. Hobi hiyo ilikuwa ya Mzungu. Mwafrika alikuwa mbeba mizigo, ama mbeba bunduki ya bwana.

Miaka ya 1950 ikaja Hali ya Hatari. Chini ya kanuni zake, kupatikana na silaha bila ruhusa kuliweza kukupeleka kitanzini. Dedan Kimathi, mnajua alishtakiwa kwa nini? Kupatikana na bastola na risasi. Alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Na wenzake msituni walijitengenezea bunduki kwa mabomba ya maji, komeo za milango na vipande vya mpira. Hao ndio mafundi wetu wa kwanza wa bunduki za kujiundia, na nyingine zilikuwa hatari kwa mwenye kushika kuliko kwa adui. Hawakuwa na hobi. Walikuwa na vita.

Halafu mwaka 1977 serikali ikapiga marufuku uwindaji. Kwa hivyo ile sababu ya kale ya kumiliki bunduki ndefu, kwenda kuwinda, ikafungwa. Zikabaki hasa mbili: kujilinda, na mchezo wa shabaha. Mpenda bunduki wa leo anaishi kwenye huo mlango mdogo uliobaki.

5. Tuyatenganishe mambo matatu ambayo watu huyachanganya: kukusanya, kubadilisha, na kuunda.

Kukusanya ni kumiliki nyingi. Hapa kila moja inahitaji kuonekana kwenye karatasi, na kwa kila moja unaulizwa sababu. "Naipenda" ni sababu dhaifu mbele ya maafisa, na mimi naona ni sawa iwe dhaifu. Stempu mia moja zikiibwa, umelia peke yako. Bunduki kumi zikiibwa, tumelia sote.

Kubadilisha ni kishikio, darubini, mkoba wa kiunoni. Hiyo ni starehe ya mjomba, na haimgusi jirani. Lakini ukianza kugusa mtutu, ama ile sehemu inayoamua risasi zinatoka ngapi kwa mvuto mmoja, umetoka kwenye starehe. Mwaka 2004, hapa hapa Nairobi, nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika zilitia saini itifaki ya silaha ndogo. Inazitaka nchi zipige marufuku raia kumiliki bunduki za rashasha na hata zile ndefu zinazojipakia zenyewe. Kwa hivyo ile video ya Marekani uliyotumiwa, ya jamaa na ukuta uliojaa bunduki, huku haina njia ya mkato.

Kuunda ndiyo habari nyingine kabisa. Nenda Kamukunji leo, usikilize nyundo. Fundi wa pale anaweza kukutengenezea sanduku, jiko, sufuria, mashine ya kukata nyasi za ng'ombe. Mikono ipo. Lakini kuunda silaha bila leseni ni jela, hakuna mjadala. Ndugu zetu wa Tanzania wana neno gobore, ile bunduki ya kushindiliwa baruti, nyingi zikifuliwa na wahunzi wa vijijini, na huko pia dola linazikusanya. Sisi mwaka 2021 tulifunguliwa kiwanda cha silaha ndogo Ruiru, chenye uwezo wa bunduki 12,000 kwa mwaka. Ni cha serikali. Ujumbe hapo ni wazi: uundaji ni wa dola peke yake.

6. Sasa hesabu, maana midahalo yetu inapenda kelele kuliko hesabu. Utafiti wa Small Arms Survey uliotoka 2018 ulikadiria bunduki mikononi mwa raia wa Kenya kuwa takriban 750,000. Zilizosajiliwa? Zaidi kidogo ya 8,000. Rudia hiyo polepole. Kwa kila bunduki moja yenye karatasi, kuna karibu tisini zisizo na karatasi.

Kwa hivyo mgombea akikwambia atamaliza ujambazi kwa kuwabana wenye leseni, muulize zile nyingine ziko kwa sera gani. Novemba 2016 zilichomwa bunduki haramu 5,250 kule Ngong. Picha ilikuwa nzuri, moshi ulipanda. Gawa 5,250 kwa idadi hiyo uone safari ilivyo ndefu.

Lakini wenye leseni nao wasinipigie makofi mapema. Uchache wao hauwatoi kwenye maswali. Januari 2020 kijana mcheza santuri alipigwa risasi shingoni ndani ya kilabu Kilimani. Ile haikuwa bunduki ya msituni. Ilikuwa mikononi mwa mtu aliyeaminiwa. Kwa zile 750,000 tunalaumu mipaka na umaskini. Kwa zile 8,000 lazima tuulize: nani alitia saini?

7. Na hapa ndipo wanasiasa wa pande zote wanatuchezea. Wana hotuba mbili tu, na wanazibadilisha kulingana na msiba.

Hotuba ya kwanza: "Wapeni raia silaha!" Hii hutoka baada ya shambulio. Na ina ukweli wake. Tarehe 21 Septemba 2013 pale Westgate, raia wenye leseni walikuwa kati ya watu wa kwanza kuingia, wakawatoa akina mama na watoto. Watu 67 waliuawa, na bila hao raia pengine tungehesabu zaidi. Tarehe 15 Januari 2019 pale Riverside, watu 21 waliuawa, na tena raia wenye leseni walijitokeza kusaidia. Westlands inawakumbuka, na ni haki yao wakumbukwe.

Hotuba ya pili: "Nyang'anyeni wote!" Hii hutoka baada ya kisa cha kilabu, ama mume amemuua mkewe. Nayo ina ukweli wake, maana bunduki ya kumzuia mwizi mlangoni huwa karibu pia wakati wa ugomvi wa chumbani.

Hotuba zote mbili zinaruka mtu mmoja: anayeamua. Tangu marekebisho ya sheria za usalama ya 2014 tuna Bodi ya Leseni za Silaha. Wanaokaa humo wanatoka polisi, ujasusi, wanyamapori, ofisi ya Mwanasheria Mkuu, na kadhalika. Mwananchi wa kawaida hana kiti. Desemba 2018 serikali iliamuru wenye leseni wote wapigwe msasa upya, na tangu hapo vyeti vikaanza kuwa vya kisasa. Vizuri. Lakini cheti kipya hakituambii kama mlango unafunguliwa sawa kwa wote.

Hebu fikiria fundi wa Kangemi, hana doa hata moja, anataka kujiunga na mchezo wa shabaha kama mjomba. Apeleke ombi lake siku moja na mtu wa Lavington. Nani ataambiwa "sababu yako inatosha"? Kama unacheka, basi umeshajibu. Amana inayotolewa kwa kuangalia lango la nyumba ni upendeleo wenye nembo ya serikali.

8. Ninapendekeza mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji katiba mpya.

Moja: Bodi itoe hesabu kila mwaka, kaunti kwa kaunti. Maombi mangapi, yaliyokubaliwa mangapi, yaliyokataliwa mangapi, leseni zilizofutwa ngapi, silaha zilizopotea ngapi. Mjomba aliniambia, "Mtawaonyesha wezi mlango wangu." Hapana. Nataka idadi, sitaki majina wala anwani.

Mbili: kila anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi, na kila anayekubaliwa sababu yake iwekwe faili. Kama ni biashara inayobeba pesa, iandikwe. Kama ni mchezo, iandikwe.

Tatu: bunduki ya mchezo ilale kwenye kilabu cha mchezo. Hobi ya shabaha inafanyika uwanjani, basi chuma kibaki uwanjani, kwenye sefu, na mwenyewe aende kukifurahia huko. Najua hii itawaudhi wenye bunduki. Lakini ukiniambia ni mchezo, halafu unaubeba mpaka baa, hapo mimi na wewe tunazungumza lugha mbili.

Jirani yangu, mama muuza mboga pale steji ya Kangemi, nilimsomea haya kabla sijaja. Akaniuliza, "Kwani hiyo ni hobi gani, mwanangu, mpaka sisi wengine tuombe usalama?" Sikutaka kumkatiza. Swali lake ndilo linafaa kuning'inizwa juu ya mlango wa hiyo Bodi. Mwenye hobi ndiye wa kututhibitishia kwamba tuko salama. Sisi si wa kumwomba.

9. Msimu wa kura ukifika, mgombea akija mtaani kwako na moja ya zile hotuba mbili, usibishane naye kuhusu Marekani. Muulize maswali manne. Leseni ngapi zilitolewa kaunti hii mwaka jana? Aliyenyimwa, rufaa yake inasikizwa na nani? Silaha ya mchezo inalala wapi? Na zile laki saba na zaidi zisizo na karatasi, mpango wako wa mwaka wa kwanza ni upi?

Akijibu mawili, msikilize. Akianza kupiga kelele, mshukuru na uendelee na shughuli zako.

Niko tayari kwa maswali, hasa ya wenye leseni.