Korosho yetu, makaa ya mawe ya wenzetu

Nimepewa dakika tano, na sisi watu wa sheria mnatujua kwa maneno, kwa hiyo naingia moja kwa moja.

Sehemu kubwa ya korosho ya Tanzania inatoka nchini ikiwa ghafi. Inapanda meli Mtwara, inabanguliwa Vietnam na India, halafu ndiyo inauzwa Ulaya na Marekani kwa bei nzuri. Umeme wa Vietnam, sehemu kubwa ni wa makaa ya mawe. Sisi tuna Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115 za maji. Mtwara yenyewe imekalia gesi ya Mnazi Bay. Jua ndio usiseme. Sasa kwa nini mwenye umeme mchafu anatushinda sokoni?

Kwa sababu umeme wa kwenye mtambo na umeme wa kwenye kiwanda ni vitu viwili. Mama yangu alikuwa kwenye kikundi cha kina mama wabanguaji, huko kwetu Newala. Korosho ikishabanguliwa inakaushwa kwenye tanuri kwa masaa, kwa joto lisiloyumba, ili lile ganda jembamba la ndani litoke. Umeme ukikatika katikati, ganda linang'ang'ania, ukimenya kwa nguvu korosho inavunjika. Nzima ina bei yake. Vipande ni bei ya kutupa. Wakakodi jenereta. Dizeli ikala faida yote, kikundi kikafa. Leo mama anapeleka ghafi ghalani kama wengine.

Najua Vietnam wametuzidi mashine na mitaji pia, sitaki kuwadanganya. Ila mashine bila umeme ni chuma tu.

Na kuna jambo linakuja. Tangu Januari 2026, Umoja wa Ulaya unadai gharama ya hewa ukaa kwa saruji, chuma, aluminiamu na mbolea zinazoingia kwao. Korosho haimo. Lakini sheria yenyewe inataka orodha ile ipitiwe upya. Wakifika kwenye vyakula, tutaulizwa tumekaushia nini, na jibu la dizeli litatugharimu mara ya pili.

Pesa ipo. Korosho ghafi inatozwa ushuru inapotoka nje. Zamani asilimia 65 ya ushuru huo ilitakiwa irudi kuendeleza zao. Mwaka 2018 Sheria ya Fedha ikaupeleka wote Mfuko Mkuu wa Hazina. Wabunge wa kusini walipiga kelele, hawakusikilizwa.

Ninachotaka kiingie kwenye ilani yetu ni hiki: fungu la ushuru huo litajwe ndani ya sheria, liende kwenye umeme wa jua wenye betri na vikaushio pale korosho inapobanguliwa. Ndani ya sheria, jamani, siyo kwenye waraka wa waziri. Waraka unafutwa asubuhi moja. Rasimu ya kifungu ninayo hapa, mistari sita. Anayetaka kuikosoa anifuate pale nje wakati wa chai.