Vitabu vya Parokia na Ukoo wa Mkulima



Mkulima wa Udachi akitaka kuwajua babu zake, haulizi wazee tu. Huenda kwenye vitabu vya parokia. Huanza na ubatizo wa baba yake. Humo husoma majina ya wazazi. Ndipo hutafuta ndoa yao, kisha ubatizo wao, akapanda hivyo kizazi kwa kizazi. Maana Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, uliwaamuru maparoko kuandika ndoa katika kitabu. Bali serikali ilianza kuandika watu katika Udachi yote mwaka 1876 tu.

Lakini njia hiyo ina miiba. Vitabu vingi viliteketea katika Vita vya Miaka Thelathini, 1618 hata 1648. Tena huko Westfalen, mwanamume akioa binti mrithi wa shamba, mara nyingi aliitwa kwa jina la shamba lile, akaacha la baba yake. Asiyejua desturi hii humdhani mtu mmoja kuwa wawili. Basi huwatazama wasimamizi wa ubatizo, maana aghalabu walikuwa jamaa.

Nasi tujifunze. Mtoto aliyekufa siku ya kuzaliwa kwake, asiyeacha shamba wala jamaa wa kumkumbuka, leo hujulikana kwa mstari mmoja tu wa kitabu. Tukiacha kuuandika mstari huo, tumewanyima watu ndugu yao. Basi tuandike jina, wazazi, wasimamizi na tarehe, siku ile ile, kwa mwandiko wa kusomeka.