Gari la Serikali, Mafuta ya Nani?

Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia



Leo tumekuja tuongee juu ya mali ya umma. Wengi wakisikia neno hilo wanafikiria mamilioni ya pesa huko Nairobi. Lakini mali ya umma iko hapa karibu: ni pikipiki ya afisa wa kilimo, dawa za dispensari, hata zile saa ambazo mfanyakazi analipwa mshahara na haonekani kazini.

Ofisi za serikali zina maagizo ya ndani juu ya vitu hivyo. Tuchukue mfano wa gari. Dereva anatakiwa awe na karatasi ya safari, ile wao huiita wok tiketi. Humo huandikwa gari linakwenda wapi, kwa kazi gani, limetiwa mafuta kiasi gani, na nani ameruhusu. Karatasi hiyo si ya kumsumbua dereva. Inamlinda. Mkubwa akimwambia abebe mahindi yake ya sokoni, dereva ataandika nini?

Nyuma ya maagizo hayo iko Katiba ya 2010. Kifungu cha 201 kinasema pesa za umma zitumiwe kwa busara na uangalifu. Kifungu cha 226 kinaongeza kwamba mwenye cheo akiruhusu pesa zitumiwe kinyume cha sheria, hasara ni yake na atailipa, awe bado ofisini au ametoka.

Basi mbona mambo yanaharibika? Kwanza, maagizo hukaa kwenye faili, na mwananchi hajui kama yapo. Pili, mwananchi naye husaidia kuyavunja. Kukiwa na matanga, watu wanakwenda kuomba gari la serikali libebe waombolezaji. Afisa akikataa, anaambiwa anaringa. Jamani, huyo ni wa kusifiwa! Mafuta yakiishia mazishini, chanjo ya watoto itafikaje kijijini wiki ijayo?

Sasa tufanye nini?

Moja, tuulize. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inamruhusu mwananchi aandikie ofisi ya umma, kwa Kiswahili ama Kiingereza, na si lazima atoe sababu. Asiyejua kuandika asaidiwe na afisa wa hapo. Jibu linatakiwa ndani ya siku 21. Tuulize kwa adabu, bila kelele: dispensari yetu ilipokea dawa gani, na zilitumikaje?

Mbili, tusimwombe afisa kitu ambacho si chake kutoa.

Tatu, tuanze nyumbani. Vikundi vyetu vina viti, hema, masufuria, na vingine vina mashine ya kusaga. Andikeni maagizo yenu, ukurasa mmoja tu: nani anaweka ufunguo, nani anaruhusu kitu kitoke, kikivunjika nani analipa. Na mwenyekiti akichukua hema kwa harusi ya binti yake, alipe sawa na wengine, tena iandikwe. Wazee walisema, mali bila daftari huisha bila habari.

Mkirudi kwa vikundi vyenu, jadilianeni swali hili: kama mgeni angefungua daftari letu leo, angeweza kujua kila kitu chetu kiko wapi?