Kijana Wetu Akipata Kazi Berlin, Tuhesabu Kinachobaki Mkononi

Mada iliyotolewa kwenye mkutano mkuu wa mwaka, Desemba 2025



Kamati imenipa dakika ishirini nizungumze juu ya vijana wetu wanaokwenda Ulaya kufanya kazi za kompyuta. Imenichagua kwa sababu mbili. Ya kwanza, mimi ni mhasibu. Ya pili, mpwa wangu, binti wa dada yangu, anaandika programu katika kampuni moja huko Berlin, mji mkuu wa Ujerumani, na mkataba wake tuliusoma wote wawili mezani kwangu Dar es Salaam, kifungu kwa kifungu, kabla hajautia sahihi. Tangu siku hiyo vijana wengine wa nyumbani wananiletea mikataba yao. Wazazi nao wananiletea swali: "Mtoto analipwa mamilioni, mbona hatuyaoni?"

Swali hilo hata chama chetu huuliza kila harambee, ila kwa sauti ya chini. Leo nataka tulijibu kwa hesabu, kwa sababu namna tunavyolijibu ndiyo itakayoamua kama vijana hawa watabaki watu wetu au watazima simu.

Mlango wa kuingilia

Mlango wanaoupita wengi wa fani hii unaitwa Kadi ya Buluu ya Umoja wa Ulaya. Ni kibali cha kuishi na kufanya kazi kwa mtu mwenye ujuzi aliyekwisha kupata mkataba. Ujerumani, kwa mwaka 2025, mtu wa kompyuta alitakiwa awe na mshahara usiopungua euro 43,759.80 kwa mwaka kabla ya makato. Chuo na shahada yake huangaliwa kwenye orodha ya Wajerumani iitwayo anabin. Tangu Novemba 2023 hata asiye na shahada anaweza kuipata kadi hii kwa kazi za kompyuta, mradi athibitishe uzoefu wa miaka mitatu katika fani hiyo. Vijana, lisikilizeni hilo vizuri. Mlango upo, na unafunguliwa na kazi uliyokwisha kuifanya.

Mlango huu hauna dalali. Ada ya viza ya kitaifa ni euro 75, nayo inalipwa ubalozini. Mwajiri wa kweli anakufanyia usaili, anakupa mkataba, wala hakuombi pesa ili akupe kazi. Mzazi akiambiwa auze shamba la migomba ili mtoto "apate nafasi Ulaya", aje kwanza tuzisome karatasi pamoja.

Mshahara wa kwenye karatasi

Sasa tufike kwenye mamilioni. Tuchukue kijana asiye na mke wala mtoto, mwenye mkataba wa euro 54,000 kwa mwaka, yaani 4,500 kwa mwezi. Kwa urahisi wa hesabu tuseme euro moja ni shilingi 2,800. Hiyo ni shilingi 12,600,000 kwa mwezi. Habari hii ikifika kijijini, inafika hivyo hivyo, bila kupunguzwa.

Lakini kabla pesa haijaingia benki, kunakatwa pensheni asilimia 9.3, na mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho. Inakatwa bima ya afya, bima ya kutunzwa uzeeni au ukiugua, bima ya kukosa kazi, kisha kodi ya mapato. Kinachofika mkononi ni kati ya euro 2,800 na 2,900. Tuseme 2,850, ambayo ni shilingi 7,980,000. Zaidi ya milioni nne na nusu zimekwenda, wala hakuna aliyeziiba. Zimeandikwa kwenye hati ya mshahara, na nyingine ni akiba yake, kama nitakavyoeleza.

Kodi ya nyumba ndogo pamoja na joto na maji, tuweke 1,100. Chakula 350. Tiketi ya mwezi ya treni na mabasi, kwa bei ya mwaka 2025, 58. Simu na intaneti 50. Ada ya redio na televisheni ya umma 18.36, ambayo kila kaya hulipa hata kama haina televisheni. Masomo ya Kijerumani 150. Akiba ya nauli ya kurudi nyumbani 100. Jumla inapita 1,820. Kinabaki kama euro 1,020.

Mwaka wa kwanza hata hicho hakibaki chote. Mwenye nyumba anaruhusiwa na sheria kudai amana ya hadi miezi mitatu ya kodi tupu. Kodi tupu ikiwa 900, amana ni 2,700 kabla hujanunua hata kitanda. Kuna koti na viatu vya baridi, maana Desemba jua la Berlin linazama kabla ya saa kumi jioni. Na kuna deni la nauli na maandalizi ya safari, ambalo wengi wetu hapa ndio tuliolikopesha na tunalidai.

Kuna jingine lisiloonekana kwenye picha za WhatsApp. Akihamia kwenye nyumba, sheria inamtaka ajiandikishe ofisi ya wakazi ndani ya siku 14, akiwa na barua ya mwenye nyumba. Bila anwani iliyosajiliwa, namba ya kodi inachelewa, na bila namba hiyo mwajiri anaweza kumkata kodi kwa kiwango cha juu kabisa mpaka iletwe. Nyumba Berlin ni za kugombaniwa, na miadi ya ofisi hiyo ni ya kuvizia. Ofisini kwake anaweza kufanya kazi kwa Kiingereza siku nzima, lakini barua za serikali zinakuja kwa Kijerumani. Miezi sita ya kwanza kwa kawaida ni ya majaribio, na katika muda huo anaweza kuachishwa kwa notisi ya wiki mbili. Kibali chake kimefungwa kwenye kazi. Na malipo ya kukosa kazi hayapati mpaka awe amechangia miezi 12.

Kwa hiyo, wazee wangu, mtoto anayesema "subirini kwanza" katika mwaka wa kwanza si kwamba amewasahau. Bado hajakanyaga ardhi ngumu.

Yanayoihusu familia iliyobaki

Kijana mwenye mke akimwacha huku Tanzania, kule anakatwa kodi kama asiyeoa, kwa sababu nafuu ya wanandoa inamtaka mwenzi awe anaishi Ujerumani. Posho ya mtoto, ambayo mwaka 2025 ilikuwa euro 255 kwa mwezi, kwa kawaida hailipwi kwa mtoto anayelelewa na bibi yake hapa Upare. Mke wa mwenye Kadi ya Buluu anaruhusiwa kufanya kazi mara anapopata kibali chake, wala hadaiwi Kijerumani kabla ya kwenda. Haya yajadiliwe mapema na wenye ndoa na wazazi wao. Kutengana miaka mitatu "ili kubana matumizi" mara nyingi kunaigharimu familia zaidi ya kinachookolewa.

Anachowatumia wazazi wasio na kipato, anaweza kuombea punguzo la kodi. Masharti ni kwamba kuanzia mwaka 2025 pesa ipite benki, si mkononi mwa msafiri, na kuwe na fomu ya kuthibitisha hali ya mzazi, iliyogongwa muhuri na mamlaka za huku. Mkiletewa fomu hiyo msidhani mtoto anawapeleleza. Ipelekeni kwa mtendaji, aijaze na kuigonga muhuri. Punguzo hilo linahusu mke au mume, watoto na wazazi. Kaka, dada, shangazi na wajomba hatumo. Mchango wa chama chetu nao haumo, kwa sababu chama hakijasajiliwa Ulaya. Kila euro anayotuletea imetoka kwenye zile 1,020.

Sasa ile akiba. Pensheni ya asilimia 9.3 kwenye mshahara wa 4,500 ni euro 418.50 kwa mwezi. Kwa miaka mitatu ni euro 15,066, zaidi ya shilingi milioni 42. Mtanzania aliyechangia chini ya miezi 60 na akaondoka Umoja wa Ulaya moja kwa moja, anaweza kuomba arudishiwe sehemu yake mwenyewe baada ya miezi 24. Akifikisha miezi 60 hapewi mkupuo. Anasubiri pensheni ya uzeeni, nayo inaweza kulipwa akiwa hapa nyumbani. Vijana, tunzeni hati zote za mshahara na namba ya bima ya jamii, na nakala mumwachie mtu mnayemwamini. Pesa ya namna hii hupotea kwa kukosa karatasi.

Ombi langu kwa chama

Ndugu Mwenyekiti, tabia yetu ni kwamba kijana akipata viza, jina lake linasomwa kwenye harambee na ahadi inatajwa hata kabla hajapata chumba. Ahadi isipolipwa inahamishiwa daftari la mwaka unaofuata. Mwaka wa tatu anaona aibu, hapokei simu ya katibu wala ya mama yake. Tumekosa pesa, na mtu pia tumemkosa.

Napendekeza mambo matatu. Mosi, aliyehamia nje apumzishwe michango kwa miezi 12 ya kwanza. Katibu ampigie kumjulia hali tu. Pili, baada ya hapo tumwombe kiasi kidogo cha kila mwezi kinachokatwa benki chenyewe, badala ya ahadi kubwa ya jukwaani. Euro 20 kwa mwezi ni 240 kwa mwaka, yaani shilingi 672,000. Watu kumi wakifanya hivyo, tuna shilingi 6,720,000 ambazo tunaweza kupangia bajeti. Tatu, mweka hazina amtumie kila mchangiaji taarifa ya mapato na matumizi kila robo mwaka, pamoja na risiti. Aliyeko Berlin hawezi kuja kuliona bati. Aione stakabadhi yake.

Sisi tuliokulia kwenye mifereji tunaijua ndiva. Maji ni kidogo kidogo, lakini yakikusanywa usiku, asubuhi yanafunguliwa na kufika shamba la mwisho. Ukiyafungulia yakiwa bado machache, yanaishia njiani.

Nimalizie na chumba cha kompyuta cha sekondari yetu ya kata, ambacho ndicho tunachokichangia leo. Nimesikia wanaosema tunawafundisha watoto kutukimbia. Wazee wetu walishuka Tanga na Mombasa kutafuta kazi kabla hatujawa na chumba chochote, na nyumba nyingi za hapa zilijengwa kwa pesa waliyorudi nayo. Mtoto wa hapa ataondoka tu. Tunachoweza kuchagua ni aondoke na nini kichwani. Wengi hawatafika Berlin. Watafanya kazi Mwanga, Moshi, Arusha na Dar es Salaam, na huko nako anayejua kompyuta hapati kazi sawa na asiyejua.

Fomu za mchango zipo kurasa za mwisho za kijitabu hiki. Kila mtu aandike anachoweza kukilipa, na msaragambo wa kuchimba msingi unaanza Januari. Asiye na pesa aje na jembe.