Mtangazaji Aliyeondolewa kwa Maoni Yake
Mnamo Machi, 2023, Bwana Gary Lineker, mtangazaji wa mpira katika BBC ya Uingereza, aliandika katika Twitter kuwa maneno ya Serikali juu ya wakimbizi yalifanana na yale ya Ujerumani ya miaka ya 1930. BBC hulipiwa na watu wa vyama vyote, nayo haipaswi kupendelea. Basi ikamwondoa kwa muda. Lakini kazi yake ilikuwa mpira, si habari za siasa! Wenzake, Bwana Ian Wright na Bwana Alan Shearer, wakakataa kufanya kazi bila yeye. Jumamosi hiyo kipindi kikaonyeshwa dakika 20 tu, pasipo sauti ya mtangazaji. Jumatatu alirudishwa, na mkuu wa BBC akakiri kwamba kanuni zenyewe hazikuwa wazi.