Bushi za Gari na Namna ya Kuzibadili Nyumbani

Wasikilizaji, mwenye gari apitaye kila siku katika barabara ya mashimo huenda siku moja akasikia mgongano chini ya gari. Akikanyaga breki, gari huvutwa upande mmoja, na tairi zake huliwa upande. Mara nyingi sababu ni bushi zilizochakaa.

Bushi ni mpira mnene uliogandishwa baina ya vipande viwili vya bomba la chuma, kimoja ndani ya kingine. Hukaa pale ambapo mkono wa chuma uchukuao gurudumu hufungwa katika fremu. Gurudumu lipandapo na kushuka, mpira hujipinda na kurudi. Ukipasuka, chuma hugonga chuma.

Mtu mwenye zana na subira aweza kuzibadili nyumbani. Aliweke gari mahali pagumu palipo sawa, azuie kwa vipande vya mbao magurudumu yasiyoinuliwa, aliinue kwa jeki, kisha alitegemeze juu ya stendi imara za chuma. Asiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, kwa maana jeki ikiteleza hapati nafasi ya pili. Tena, ikiwa springi imeukalia mkono huo, kazi amwachie fundi: springi iliyobanwa ikifyatuka yaweza kuua.

Kabla ya kuitoa bushi kuukuu, atie alama kuonyesha ilivyoelekea. Aisukume nje, na kuingiza mpya, kwa jiliwa au kwa bolti ndefu yenye nati. Maji ya sabuni hulainisha njia. Mafuta na grisi huharibu mpira.

Sasa liko jambo ambalo wengi hulikosea. Bolti ipitayo katikati ya bushi isikazwe kabisa wakati gurudumu linaning'inia. Ikikazwa hivyo, bomba la ndani hushikwa palepale, na gari lishushwapo mpira hukaa umepindika daima; haukawii kupasuka, na fedha zimepotea bure. Bolti ikazwe wakati magurudumu yamebeba uzito wote wa gari.

Mwisho, gari lipelekwe gereji yapimwe magurudumu kama yamenyoka sawasawa. Asiyeziba ufa hujenga ukuta. Naye asiyejali bushi moja atanunua tairi nne.