Nani Amewavua Viatu? Uchunguzi wa Kila Mwaka kwa Watu Wenye Kisukari



Swali langu ni fupi. Mtu mwenye kisukari anatakiwa, walau mara moja kwa mwaka, achunguzwe kwa utaratibu: wastani wa sukari wa miezi mitatu, shinikizo la damu, lehemu, kreatinini, protini kwenye mkojo, uzito kwa urefu, matumizi ya tumbaku, miguu, na macho kwa ndani baada ya mboni kupanuliwa kwa dawa. Ni mambo 9. Je, anayapata?

Nilikuwa nimeandaa mada nyingine kabisa. Kilichonibadilisha ni kikao cha kitaaluma ambapo mwenzangu mmoja, daktari ninayemheshimu na ambaye ningempelekea ndugu yangu bila kusita, alisimama akasema kwamba uchunguzi wa mwaka ni anasa ya nchi tajiri. Hoja yake ilikuwa na sehemu tatu. Kwanza, utafiti umekwishaonyesha kwamba kupima watu afya mara kwa mara hakupunguzi vifo. Pili, kumpima mtu tatizo usiloweza kumtibia ni kumtesa. Tatu, wagonjwa wetu huja kliniki kila mwezi kuchukua dawa, kwa hiyo tunawaona mara 12 kwa mwaka, na hiyo mara moja inatafuta nini? Watu wengi ukumbini walitikisa vichwa kukubali. Ndiyo maana nipo hapa leo.

Historia ya kisukari nchini Tanzania nitaipita haraka, kwa kuwa wengi wenu mmeisoma na baadhi yenu mmeiandika. Kazi ya McLarty, Swai na wenzao ya miaka ya 1980 mnaifahamu: vijijini, mwaka 1989, waliripoti kisukari kwa chini ya 1% ya watu wazima. Utafiti wa kitaifa wa STEPS wa 2012 ulikuta 9.1% kwa wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Vigezo na umri vilitofautiana, kwa hiyo namba hizi mbili hazilinganishwi moja kwa moja, lakini hakuna mtu humu anayebisha kwamba mlima umepandwa.

Nianze na sehemu ya kwanza. Uchambuzi ambao mwenzangu aliutegemea ni wa Krogsbøll, Jørgensen na Gøtzsche wa Denmark, uliotolewa chini ya mtandao wa Cochrane mwaka 2012 na kuhuishwa 2019. Ni kazi nzuri. Ilikusanya majaribio 15 yenye watu zaidi ya 250,000, ikakuta kwamba kuwaita watu wazima kwa uchunguzi wa jumla wa afya hakubadilishi vifo, au hubadilisha kidogo mno. Ninaikubali kazi hiyo yote. Lakini tazameni ni akina nani waliochunguzwa: watu wazima wasiochaguliwa kwa ugonjwa wala kwa hatari yoyote. Walikuwa wakiulizwa kama wana ugonjwa. Mgonjwa wetu haulizwi hilo, kwani jibu tunalo tayari, tumemwandikia kwenye kadi yake. Anachoulizwa ni ugonjwa umefika wapi: umefika kwenye retina? Kwenye figo? Kwenye neva za miguu? Sehemu zote hizo tatu huharibika kimyakimya, na zote tatu zina kipindi ambacho bado unaweza kufanya jambo. Jaribio kubwa la retina lililofanyika Marekani miaka ya 1970 lilionyesha kwamba leza hupunguza kwa zaidi ya nusu hatari ya kupoteza uwezo wa kuona kwa kiwango kikubwa. Leza hiyo inafaa kabla mtu hajaanza kulalamika. Kuchukua matokeo ya watu wazima wenye afya na kuyavika wagonjwa wa kisukari ni kosa ambalo mwanafunzi wetu wa mwaka wa tatu angekatiwa alama.

Sehemu ya pili ina ukweli ndani yake, na nitaupa nafasi. Leza haipo kila mkoa. Mtu aliyegundulika na retina mbaya akiwa mbali na Moshi au Dar es Salaam ana safari ndefu, nauli, na mtu wa kumsindikiza kwa sababu hataona vizuri siku nzima baada ya mboni kupanuliwa. Hapo namkubalia mwenzangu. Lakini yeye aliichukua leza akaifanya iwe kipimo cha mambo yote 9. Protini ikionekana kwenye mkojo, enalapril na losartan si dawa za kuagizwa ng'ambo kwa barua maalumu. Shinikizo likiwa juu, dawa zipo. Mguu ukiwa na ganzi, tiba ya kwanza ni kiatu kipana kisichobana, kukagua unyayo kila jioni, kukata kucha kwa uangalifu na kutotembea peku. Anayesema hatuna tiba aseme ni tiba ipi kati ya hizo tusiyonayo.

Sehemu ya tatu ndiyo iliyoniudhi zaidi, na ndiyo nitakayokaa nayo.

Baba yangu mdogo alikuwa fundi cherehani. Alikuwa na kisukari kwa miaka mingi na hakukosa kliniki. Daftari lake ninalo: daftari la shule la kurasa 64, limefungwa kwa karatasi ya kaki, kona zimejikunja. Kila ukurasa una mhuri na mistari ileile. Sukari 9.4. BP 150/90. Uzito 71. Metformin 1x2. Rudi baada ya mwezi. Mwezi unaofuata, sukari 8.8, presha, uzito, dawa, rudi. Mwandiko unabadilika kwa sababu waganga walibadilika, lakini mistari haibadiliki. Nimelipitia lote nikitafuta neno "miguu" sijalikuta. Wala "macho". Wala "mkojo". Siku moja mama mdogo, akifua soksi zake, aliona doa la majimaji lisilotoka. Walipomgeuza unyayo wakakuta kipande cha sindano ya cherehani kilichovunjika, kimezama chini ya kidole gumba, na nyama kukizunguka imeshaoza. Alikuwa akikikanyagia pedali ya cherehani siku nzima, kila siku. Alikatwa kidole, baadaye mguu chini ya goti. Kliniki ile siitaji, maana wahudumu wake hawakuwa wazembe. Walifanya kwa bidii kila kitu walichopangiwa kufanya.

Hapo ndipo hoja ya mara 12 inapoanguka. Ziara ya kila mwezi ina kazi yake: sukari ya leo, presha ya leo, dawa za mwezi. Foleni ni ndefu, mganga ana dakika chache, na mgonjwa mwenyewe anataka kuwahi basi. Jambo lisilo na siku yake wala mtu wake halifanyiki, hata mgonjwa aje mara 50.

Mtaniambia hiyo ni hadithi ya mtu mmoja na umaskini wa nchi moja. Basi twende Uingereza, ambako daktari wa familia halipwi na mgonjwa mlangoni, na ambako tangu 2004 madaktari hao walianza kulipwa nyongeza kwa kutimiza vipimo vya namna hii. Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ya nchi hiyo iliripoti mwaka 2012 kwamba katika mwaka wa 2009-10 ni nusu tu ya watu wazima wenye kisukari waliopata mambo yote 9. Nusu! Na kipimo kilichoachwa mara nyingi zaidi, mwaka baada ya mwaka katika ukaguzi wao wa kitaifa wa kisukari, ni cha mkojo. Kikopo kidogo cha plastiki. Hakuna mwenye kuweza kuniambia kwamba Uingereza imeshindwa kununua vikopo.

Sasa linganisheni na macho katika nchi hiyohiyo. Uchunguzi wa retina haukuachwa uwe jukumu la kila mtu. Ulipewa mpango wake wa kitaifa kuanzia 2003, na orodha yake ya wagonjwa, barua zake za mwaliko, wapiga picha wake, na watu wanaowajibika mtu asipotokea. Liew na wenzake waliripoti 2014 kwamba, kwa mara ya kwanza katika miongo isiyopungua mitano, kisukari si tena sababu inayoongoza ya upofu unaosajiliwa kwa watu wa umri wa kufanya kazi England na Wales. Waandishi hao wenyewe walitaja pia udhibiti bora wa sukari, nami nawaheshimu kwa tahadhari hiyo. Hata hivyo, wagonjwa ni walewale, fedha zinatoka mfuko uleule, ila jicho lilipata mwenyewe na mkojo haukupata.

Naomba mnivumilie kwa chapisho moja ninalolipenda kuliko mengi yaliyowahi kutoka Dar es Salaam. Ni kurasa chache tu, za Abbas, Lutale na Archibald, mwaka 2005, kuhusu wagonjwa wa kisukari walioumwa miguu na panya. Kila mwaka nawapa wanafunzi walisome kabla hawajagusa kitabu chochote cha neva. Waswahili husema panya huuma huku akipuliza, ndiyo maana aliyelala hashtuki. Kwa wagonjwa wale panya hakuwa na haja ya kupuliza. Neva zilikuwa zimekufa. Mtu alilala na vidole vizima, akaamka na jeraha asilojua limeingiaje, na mara nyingi alichelewa kwenda hospitali kwa sababu halikumuuma. Waandishi hawakupamba. Wameeleza nyumba, usiku, jeraha, neva, matokeo. Ndani ya kurasa hizo mna somo zima la kwa nini mgonjwa hawezi kuwa mlinzi pekee wa mguu wake: kengele iliyopaswa kumwamsha ndiyo iliyoharibika. Kundi hilohilo la watafiti lilikuwa limeonyesha 2002 hatima ya waliolazwa Hospitali ya Muhimbili wakiwa na vidonda vya miguu: karibu 3 kati ya 10 walifariki, na kwa wenye vidonda vikali zaidi ambao hawakufanyiwa upasuaji, waliokufa walizidi nusu.

Mimi mwenyewe hufanya kliniki kipimo cha kutambua ganzi hiyo ya miguu. Mama mmoja wa makamo alifumba macho nikamwambia aseme "ndiyo" kila atakapohisi uzi. Monofilamenti ni uzi wa nailoni unaopinda ukibeba gramu 10. Niliugusisha kwenye kidole gumba ukapinda. Kimya. Kidole cha tatu, kimya. Nikahamia mguu wa pili. Akiwa bado amefumba macho, akaniuliza kwa upole, "Daktari, bado hujaanza?"

Nipime sasa ushahidi ulio upande wangu kwa mizani ileile. Holman na wenzake, 2021, walifuatilia zaidi ya watu milioni 1.5 wa England na Wales. Waliopata mambo 5 au pungufu kati ya 8 (macho yaliachwa nje) walikuwa na hatari ya kufa iliyozidi ya waliopata yote 8 kwa takribani 37% kwa kisukari cha aina ya 1 na 32% kwa aina ya 2. Ni namba nzito, lakini huu si mgawanyo wa bahati nasibu. Asiyefika kliniki huenda tayari ni mgonjwa zaidi, maskini zaidi, au amekata tamaa, na hakuna hesabu inayoweza kuondoa hayo yote. Kwa miguu tuna jaribio la McCabe na wenzake la 1998, lenye watu wapatao 2,000 waliogawanywa kwa bahati nasibu. Kundi lililochunguzwa na kulindwa lilikatwa miguu kwa kiwango kikubwa mara chache zaidi, ingawa idadi ya vidonda haikutofautiana kwa uhakika. Ni jaribio moja, na la zamani. Mkosoaji mkali ana haki ya kusema kwamba ushahidi wa macho ni imara kuliko wa miguu.

Ana haki, na bado nasema miguu itangulie. Nasema hivyo kwa sababu ndicho kipimo pekee kati ya vile vitatu vilivyokosekana kwenye daftari la baba yangu mdogo kisichosubiri maabara, umeme, kitendanishi wala daktari, na ndicho kinachomlazimisha mhudumu ainame na kumshika mgonjwa. Kliniki iliyozoea kuvua viatu imekwisha kutenga siku, kiti, muuguzi na safu kwenye rejesta. Mkojo na macho vitafuata njia hiyohiyo. Kliniki isiyowahi kuvua viatu, mpe mashine ya picha za retina, na utaikuta stoo bado imefungwa plastiki.

Ninachopendekeza kinawezekana ndani ya mwaka huu. Kila mgonjwa apangiwe mwezi wake wa uchunguzi, uandikwe kwenye jalada la daftari lake. Muuguzi mmoja, kwa jina, akabidhiwe orodha ya mwezi huo na awe na mamlaka ya kumpigia simu asiyetokea. Viatu vivuliwe kwenye benchi, wakati wa kusubiri, kabla ya chumba cha daktari. Wanafunzi wetu wa kitabibu, wakiwa zamu ya kliniki, wasisainiwe kitabu chao mpaka wawe wamechunguza miguu. Pale uzi usipokuwepo, watumie kidole: Rayman na wenzake wa Ipswich walionyesha 2011 kwamba kugusa kwa wepesi ncha za kidole cha kwanza, cha tatu na cha tano, miguu yote miwili, hubainisha vizuri mguu uliokufa ganzi. Miguso 6, na asiyehisi 2 au zaidi awekwe kundi la hatari. Kipimo hicho mke anaweza kumfanyia mume kitandani.

Na wakuu wa vituo mnaotaka kununua nyuzi, kumbukeni jambo ambalo wauzaji huwa hawalisemi: uzi mmoja huchoka. Baada ya wagonjwa wapatao 10 unatakiwa kupumzishwa siku nzima, la sivyo unapinda mapema na kuonyesha ganzi isiyokuwepo. Kliniki yenye wagonjwa 40 kwa asubuhi ihesabu nyuzi 4, na 4 nyingine kwa kliniki ya kesho yake.